Kikombe Kimoja kwa Gunia

Maji aliyomwaga Katibu yalikuwa kikombe kimoja tu kwa kila gunia, na alipiga hesabu kwanza. Hilo lieleweke mapema, maana baadaye yalisemwa mengi. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda na daftari lake la semina, akaandika: gunia moja, kilo mia; kikombe kimoja, robo lita; unyevu wa mahindi yetu kwa kipimo cha bwana shamba, asilimia kumi na mbili na nusu; kikomo cha ghala, kumi na tatu na nusu. Akajumlisha, akaona nafasi ipo na nyingine inabaki. Ndipo akaingia sebuleni na ndoo ndogo na kikombe, akafungua magunia kumi na mawili moja baada ya jingine, akanyunyiza kama mtu anayebariki, akakoroga kwa mkono mpaka kwenye kiwiko, akafunga. Kisha akanawa, akatoka nje na uso wa mtu aliyetoka kusali.

Na huyu ndiye aliyekuwa Katibu wa kikundi cha wakulima, watu arobaini. Ndiye aliyekwenda semina ya siku tatu na kurudi na kofia, daftari na maneno mapya. Ndiye aliyewaambia watu arobaini, akiwa amesimama juu ya benchi ili wa nyuma wasikie, kwamba soko limebadilika. Hakuna tena mnunuzi wa kupita nyumba kwa nyumba. Mazao yote yanakwenda ghalani, yanapimwa unyevu, yanapimwa uzito, yanapigwa mnada mbele ya wanunuzi wote, na pesa zinaingia kwenye simu ya mwenye mahindi. Kavu ndiyo mali, aliwaambia. Mwenye mahindi maji abaki nayo akapikie.

Sasa unaweza kuuliza, kwa nini basi alimwaga? Jibu ni Mjomba.

Mjomba hakuwa mjomba wa mtu yeyote. Alikuwa mnunuzi aliyewanunulia mahindi tangu wengi wao wanaoa, mtu mwembamba, mcheshi, mwenye pikapu ya bluu na mizani ya kuning'inia ambayo haikuwahi kumpendelea mkulima hata siku moja. Gunia lililoshindiliwa nyumbani mpaka likatoa jasho, kwenye ile mizani lilisoma kilo tisini, naye angesikitika kuliko mwenye gunia. "Ongeza kidogo, mpwa wangu, tufikishe mia," angesema. Mkulima anaongeza. Kila mtu alijua mizani inasema uongo, ila hakuna aliyejua ni uongo wa kiasi gani, na mnunuzi mwingine hakuwepo. Kwa hiyo kila nyumba ilijifunza kujitetea kwa maji. Mjomba aliiba kwa chuma, wao wakaiba kwa maji, na kila upande ulilala ukiamini kwamba mwizi ni yule mwingine. Mkono uliofanya hivyo miaka yote hauachi kwa sababu ya semina ya siku tatu yenye chai na biskuti.

Mahindi hayo yalikuwa yamekaa sebuleni wiki saba. Viti vilihamia kibarazani. Mgeni akija alikalishwa juu ya gunia, na watoto walifanyia kazi zao za shule kwenye gunia la pembeni ambalo lilikuwa limelala vizuri kama meza. Mama mkwe wa Katibu, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alikuwa na gunia lake la kuegemea, akalipenda kuliko kiti. Nyumba ilinuka mahindi, nguo zilinuka mahindi, na mume wa Katibu alisema hata ndoto zake siku hizi zina vumbi.

Zamu ya kikundi chao ghalani ilikuwa siku mbili tu, Jumatatu na Jumanne, mwisho saa kumi jioni. Ukikosa, zamu nyingine ni baada ya wiki sita, katikati ya mvua, na bati la sebule hiyo lilikuwa na matundu ambayo Katibu aliyafahamu kila moja kwa sauti yake. Mahindi yangeota mle ndani. Mwenye kukosa zamu alibakiwa na njia moja: Mjomba, ambaye mwaka huu, kwa kuwa alikatazwa kununua, alikuwa ananunua kwa nusu bei.

*

Jumatatu walipakia lori la kukodi pamoja na mizigo ya jirani yao, fundi cherehani, aliyekuwa na magunia manane na maneno ya magunia ishirini. Bibi alikataa kubaki. Alisema hajawahi kuona mizani isiyo ya Mjomba na hatakufa bila kuiona. Akapandishwa mbele, kwa dereva.

Ghala lilikuwa jengo refu la bati jipya, mbele yake uwanja mpana wa saruji wa kugeuzia malori. Foleni ilikuwa imeshaanza. Mbele ya mlango, kwenye meza yenye kitambaa cha plastiki, alikaa msichana wa kipimo, mwenye miwani na kalamu mbili kifuani. Mkononi alikuwa na bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji kinachochomwa kwenye gunia na kutoka na punje za tumboni mwake, ili asidanganywe na za juu. Aliwamwagia salamu wote kwa pamoja na kuuliza nani wa kwanza.

Wa kwanza, bila shaka, alikuwa Katibu. Wanakikundi walimpisha kwa heshima. Fundi cherehani alisema mwalimu atangulie, wanafunzi watazame kwake.

Msichana alichoma bambo kwenye gunia la kwanza, akamimina punje kwenye kijisanduku chake, akafunga kifuniko. Akatazama. Akakitikisa. Akarudia kwa punje nyingine.

"Ishirini na nukta moja," alisema, kwa sauti ya kumfikia karani aliyekuwa anaandika ndani ya mlango, na kwa hiyo ya kufikia foleni nzima.

Katibu alimwambia pengine kipimo kimeshika unyevu wa asubuhi. Msichana hakubishana. Alichoma gunia la pili: kumi na tisa na nukta nane. La tatu, lile la Bibi la kuegemea: ishirini na moja kamili. Hapo mahindi yalitoka kwenye mfereji wa bambo yakiwa yameshikana kama watu wa ukoo mmoja.

Katibu alisimama na daftari lake kifuani. Kichwani hesabu zake zilikuwa zinakimbia huku na huku zikitafuta kosa. Kikombe kimoja, robo lita. Hata angekuwa amekosea mara mbili, mara tatu, isingefika ishirini. Kwa hiyo aliona aibu mara mbili: kwanza kama mwizi, pili kama mtu aliyefeli kujumlisha.

"Mama," msichana alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko matusi, "mlivuna lini haya?"

Kutoka foleni mtu aliuliza kama hicho ni kipindi cha vitendo. Fundi cherehani alisema hapana, Katibu ametuonyesha kwanza lisilotakiwa, ili tulijue. Watu walicheka vizuri, cheko la watu wenye adabu ambao wamesubiri muda mrefu kupata nafasi.

Katibu aligeuka kumtafuta mumewe. Mumewe alikuwa anatazama paa la ghala kwa makini, kama fundi aliyeitwa kulikadiria. Akamtazama Bibi. Bibi alikuwa amekumbuka ghafla kwamba kitambaa chake cha kichwa hakijakaa sawa, akawa anakifunga na kukifungua.

Mwanamke aliyeolewa miaka kumi na moja hahitaji kuambiwa zaidi ya hapo.

*

Aliwapeleka nyuma ya ghala, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, akawasimamisha hapo wote wawili, mtu na mama yake.

"Nani amemwaga maji kwenye mahindi?"

Mumewe alisema swali lenyewe limekaa kama la polisi. Katibu alimwambia ndivyo alivyotaka likae.

"Jagi," mumewe alisema mwishoni. "Jagi moja kwa gunia. Ijumaa, ulipokwenda kwenye mkutano wa kikundi."

"Jagi la lita mbili?"

"Si lilelile tunalonywea."

"Nilikwenda kwenye mkutano kuwaambia watu wasimwage maji."

"Ndiyo," mumewe alisema. "Nikajua una mkutano mrefu."

Katibu alivuta pumzi. Jagi na kikombe chake bado havikufikisha ishirini. Hilo aliliona upesi, na hakuweza kulisema. Akamgeukia Bibi. Kumhoji mama mkwe kuna taratibu zake, kwa hiyo alianza kwa mbali, akauliza kama Mama alipata usingizi mzuri wiki iliyopita.

Bibi hakupenda mambo ya kuzungushwa. Alisema alimwaga Jumamosi alfajiri, baada ya kuona nyumba imekuwa ya wazembe. Miaka yote ya marehemu mume wake yeye ndiye alikuwa mtu wa maji, na hawakuwahi kupunjwa kiasi cha kulia. Safari hii aliona siku ya kuuza inakaribia, mwanawe amekaa, mke wa mwanawe anaandika daftari, hakuna anayenyanyua hata kata. Akajua wamesahau. Akaamka akaifanya kazi hiyo mwenyewe, na mgongo wake huu.

"Kiasi gani, Mama?"

"Nusu ndoo."

"Kwa yote?"

Bibi alimtazama kwa huruma. "Kwa gunia, mwanangu. Kwa yote ungeyaona wapi?"

Mume wa Katibu alipiga makofi mawili polepole, akakaa chini kwenye jiwe. Alisema ndiyo maana juzi alilala na kusikia sebuleni kitu kinadondoka, akadhani ni panya anakunywa.

Hapo Katibu alikuwa na nafasi nzuri sana. Angeweza kuwahubiria hawa wawili mpaka jioni, akarudi mbele ya ghala kama mke aliyeonewa, na kila mtu angemhurumia. Alifungua mdomo kuanza. Alisema semina, alisema kofia, alisema watu arobaini. Kisha maneno yakamkwama, maana mumewe alikuwa anamsikiliza kwa unyenyekevu wa kweli, mikono magotini, akiamini kila neno.

"Na mimi," alisema Katibu.

"Na wewe nini?"

"Na mimi nilimwaga. Alhamisi. Kikombe kwa gunia."

Mumewe alianza kucheka taratibu, bila sauti, mabega tu. Bibi hakucheka. Alikuwa amekunja uso, na Katibu akajiandaa.

"Kikombe?" alisema Bibi. "Gunia zima, kikombe? Kitu cha kumpa mgonjwa? Kama ulikuwa unaogopa, mwanangu, ungeniita."

*

Mjomba alikuwa ameshafika. Pikapu yake ya bluu ilisimama ng'ambo ya barabara, nje kidogo ya geti, mahali ambapo sheria ilikuwa haifiki. Alivuka kwa miguu, mikono nyuma, akawasalimu wote kwa huzuni kama aliyekuja msibani. Alisema amesikia. Alisema mitambo hii mipya haina utu, inamkataa mtu mbele za watu. Yeye hajawahi kumkataa mtu. Mahindi ya maji, mahindi ya mchanga, yeye anachukua, maana yeye ni ndugu. Akataja bei. Ilikuwa hata chini ya nusu. Alieleza kwamba maji nayo ana gharama ya kuyakausha.

Mume wa Katibu alimtazama mkewe. Hakuwa mvivu wala mpumbavu. Alikuwa amechoka tu. Alisema kwa sauti ya chini kwamba lori la kurudisha magunia nyumbani wanalilipia tena, kwamba kesho saa kumi ni karibu, kwamba mkono wenye kitu ni bora kuliko mdomo wenye hesabu. Mjomba alikubaliana naye kwa kichwa katika kila kituo.

"Tukimuuzia leo," Katibu alimjibu, "nguvu ya mwaka mzima imeishia hapa, na mwakani atatukuta nyumbani kama zamani, na mizani yake. Watu arobaini wanatutazama. Mimi nikiuza, wote wanauza."

"Na tukishindwa?"

"Tukishindwa utaniambia ulisema. Mpaka kesho saa kumi nyamaza."

Akaenda kwa mtunza ghala. Huyu alikuwa mtu mnene mwenye funguo nyingi, na kila swali alilijibu kwanza kwa kuzitikisa. Katibu aliomba kuanika kwenye uwanja wa saruji. Mtunza ghala alisema ule ni wa malori. Katibu alifungua daftari, akamsomea kwa sauti ya darasani kifungu alichonakili siku ya pili ya semina: mkulima ambaye mazao yake hayajafikia ubora atapewa nafasi ya kuyaboresha katika eneo la ghala. Mtunza ghala alisema hajawahi kukiona hicho kifungu. Katibu alimwambia basi afurahi, leo amekiona. Funguo zilitikisika kwa muda mrefu. Hatimaye alikubali upande mmoja wa uwanja, mradi njia ya malori isiguswe, na akaongeza kwamba maturubai yapo, ya kukodi, kwa siku.

Bei ya maturubai ilikuwa ya mtu anayetaka kuoa. Katibu aliyaacha palepale. Aliwaambia wafumue magunia yenyewe, wayapasue ubavuni, wayatandike. Bibi alivua kitambaa chake cha kichwa, akatandika nacho. Mume akavua koti.

Wakamwaga gunia la kwanza, mahindi yakatoka na moshi mdogo, maana yalikuwa yameanza kupata joto ndani kama mtu mwenye homa. Katibu alipoona moshi ule ndipo alipoogopa kweli. Wiki moja zaidi, au hata siku nne, yangekuwa chakula cha kuku. Alipiga magoti akaanza kuyatawanya kwa viganja, membamba, punje kando ya punje.

Wakati huo foleni ilikuwa imeacha kucheka. Fundi cherehani, aliyefuata, alisoma kumi na nane. Aliyemfuata, kumi na saba na nusu. Mwanamke mmoja mlokole, mtu wa kuaminika kabisa, alisoma ishirini na mbili, akasema ni umande. Kufika saa tano, kati ya watu kumi na wanane waliopimwa, walikuwa wamepita wawili: bubu mmoja aliyekuwa na magunia mawili, na mzee ambaye kisima chake kilikuwa kimekauka.

Msichana wa kipimo aliweka kalamu chini, akavua miwani, akaifuta. Alimuuliza Katibu kama katika sehemu hii kulikuwa na mafuriko.

"Hapana," Katibu alisema. "Kulikuwa na Mjomba."

Wote wakamfuata uwanjani. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza, lakini kwa kuwa wa kwanza alishapatikana, na alikuwa Katibu mwenyewe, mambo yalikuwa mepesi. Fundi cherehani alitoa wembe na sindano mfukoni, akawa anafumua magunia ya watu kwa kasi ya ajabu, huku akisema maisha yake yote amekuwa akishona bila kujua kipaji chake kiko kwenye kufumua. Saa sita jua lilisimama juu ya bati na saruji, na uwanja ulikuwa wa manjano kutoka ukutani hadi ukingo wa njia ya malori. Watu walitembea ndani yake peku, wakikokota nyayo ili kugeuza punje, mistari mirefu kwenda na kurudi, kama walioweka nadhiri. Malori yalipokuja, madereva walitoa vichwa nje na kuuliza hii ni dini gani.

Mbuzi wa ofisi ya jirani walijaribu mara tatu. Bibi alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa na kijiti mkononi, akiwaita mbuzi kwa majina ya watu aliokuwa hawapendi.

Jioni walikusanya, wakafunika, wakalala hapohapo kwa zamu. Asubuhi wakaanika tena kabla jua halijapata nguvu. Kila saa Katibu alichukua kiganja cha punje, akazitia kwenye chupa yenye chumvi kavu, akatikisa, akatazama kama chumvi inashika ukutani mwa chupa, dalili kwamba maji bado yamo. Saa tatu ilishika. Saa tano ilishika. Saa saba ilishika kidogo, upande mmoja. Mumewe hakusema neno, kama alivyoagizwa, ila alipita mbele yake mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji.

Saa nane na nusu chumvi iliteleza. Katibu alitikisa tena kuhakikisha. Kisha alipiga kelele kwamba wajaze na kufunga, na fundi akaanza kushona mbavu za magunia aliyoyafumua.

*

Saa tisa na dakika kumi bambo liliingia kwenye gunia la kwanza. Safari hii hakuna aliyefanya mzaha. Fundi cherehani alikuwa ameshika sindano mdomoni na kuisahau.

"Kumi na tatu na nukta nne," alisema msichana wa kipimo.

Katibu alimwomba arudie. Alirudia: nukta tatu. Magunia yote yakapita, moja nyuma ya jingine. Hata lile la Bibi lilipenya kwa nukta tano kamili, pale pale mpakani, na Bibi alisema yeye hufanya kazi mpaka mwisho wa kipimo. Nyuma yao foleni ilianza kusukumana, maana sasa kila mtu alitaka kuwahi.

Yakapelekwa kwenye mizani. Ilikuwa bamba la chuma sakafuni, na ukutani kioo cheusi chenye namba nyekundu ambazo hata mtu aliye mlangoni aliziona. Mume wa Katibu aliweka gunia la kwanza mwenyewe, akarudi nyuma akakunja mikono, tayari kuonewa.

Namba zilikimbia, zikatulia. Mia moja ishirini na nane.

"Rudia," alisema.

Karani aliuliza kwa nini. Mume alisema mizani imeharibika. Gunia ni kilo mia, kila mtu anajua. Mizani isemayo mia na ishirini na nane ni mbovu, na yeye hataki kuja kuitwa baadaye na kuambiwa alipe. Karani akalishusha gunia, akasubiri namba zirudi sifuri, akalipandisha tena. Mia moja ishirini na nane. Mume akapanda mwenyewe kwenye bamba. Sitini na tatu. Alisema hiyo ni kweli, alipimwa hospitali. Akashuka.

"Sisi gunia tunalijaza hivi siku zote," alisema baadaye kidogo, bila kumwambia mtu maalumu. "Tukilipeleka kwa Mjomba linasoma tisini. Anatuambia tuongeze."

Karani alikuwa kijana wa mjini asiyejua anagusa nini. Alisema basi kwa kila gunia mlimpa kilo ishirini na nane za bure, na hizo za kuongeza, na maji juu yake. Akaendelea kupima. Magunia kumi na mawili yaliyoingia kwa mlango ule yalipangwa upya kwa kipimo halali, yakatoka kumi na matano na kilo thelathini na sita.

Habari ilitoka mlangoni ikashuka na foleni, mdomo kwa mdomo. Fundi cherehani alikuwa anahesabu kwa vidole. Alipomaliza vya mikono alitazama miguu.

Katibu alipewa stakabadhi. Aliisoma yote, chini mpaka juu, kwa kuwa ndivyo alivyo. Palikuwa na ushuru, ada ya ghala, ada ya chama, ada ya kifungashio, na ada ya kupima ambayo iliandikwa mara mbili kwa kuwa walipimwa mara mbili. Aliuliza kuhusu kila moja. Mtunza ghala alitikisa funguo. Ile ya kifungashio Katibu aliigomea, maana magunia yalikuwa yao, na ikafutwa kwa kalamu. Nyingine zilibaki. Mnada ulikuwa Alhamisi na bei haijulikani mpaka Alhamisi; hilo nalo aliliuliza, na jibu lake lilikuwa ni kusubiri. Akaweka sahihi.

Alipotoka nje alimkuta mumewe amesimama uwanjani peku, koti lake begani, akitazama ng'ambo ya barabara. Midomo ilikuwa inatembea. Katibu alimuuliza anahesabu nini.

"Misimu kumi na moja," alisema. "Magunia matatu na ushee kila msimu. Nimefika thelathini na sita, nikaacha."

"Na ya baba yako?"

"Hayo usinihesabie. Nitalala vibaya."

Walimtafuta Bibi ili waondoke. Kwenye ndoo yake hakuwepo, na mbuzi walikuwa wameshaingia. Lori la kukodi lilisharudi tangu jana, na nyumbani kulikuwa mbali kwa miguu ya mtu mzima. Ndipo fundi cherehani alipowaonyesha kwa kidole.

Bibi alikuwa amevuka barabara peke yake. Alifungua mlango wa pikapu ya bluu, akapanda kiti cha mbele, akaweka kijiti chake katikati ya magoti, akafunga mlango kwa nguvu. Mjomba, aliyekuwa ameegemea boneti akisubiri mahindi ambayo sasa hayakuwa yanakuja, alizunguka dirishani, akamwamkia, akacheka, akamuuliza Mama anakwenda wapi.

"Nyumbani," alisema Bibi. "Waite na wanangu wapande nyuma. Na yule fundi, na yeyote wa upande wetu. Utatupeleka, na Alhamisi asubuhi utatuleta kwenye mnada."

Mjomba alisema gari linatumia mafuta, Mama, na mafuta siku hizi.

"Najua," alisema Bibi, akitazama mbele. "Hiyo ni ya gunia la kwanza kati ya yale uliyotupunja. Endesha, tutakuwa tunahesabu."

Mjomba alicheka tena, akatazama ng'ambo. Watu wa foleni walikuwa wamegeuka wote, wamesimama na vumbi lao la mahindi hadi magotini, wanamtazama. Cheko lake lilikaa usoni kwa muda, likatoka lenyewe. Akazunguka upande wa dereva, akaingia, akawasha gari.

Katibu alipanda nyuma, mumewe akamfuata, kisha fundi, kisha mlokole, kisha wengine watano.